Uzito na lishe kwa wazee wanaofanyiwa upasuaji wa saratani

Uzito na lishe kwa wazee wanaofanyiwa upasuaji wa saratani ni kati ya mambo yanayochunguzwa ili kujua kama mwili wa mgonjwa una nguvu ya kuhimili upasuaji na kupona. Nchini Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi.

Umuhimu

Baada ya upasuaji mwili huhitaji protini nyingi ili kuponya kidonda na kupambana na maambukizi. Chakula kisipotosha, huichukua kutoka kwenye misuli. Misuli ya mzee imekwisha kupungua kwa umri, na saratani huipunguza zaidi. Ndiyo maana mzee mwenye utapiamlo hupata zaidi maambukizi, kidonda chake huchelewa kupona na hukaa hospitalini muda mrefu.

Upimaji

Uzito wa siku moja hautoshi. Muhimu ni mabadiliko yake. Mtu aliyekuwa na kilo 60 akibaki na 54 amepoteza asilimia 10. Kupungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 bila kukusudia ni dalili ya hatari, hata kwa mtu mnene. Mzani unaweza pia kudanganya ikiwa mgonjwa amevimba miguu au ana maji tumboni. Hapo kupima mzunguko wa mkono husaidia.

Kibaha na Kisarawe

Kibaha na Kisarawe zipo katika Mkoa wa Pwani, jirani na Dar es Salaam. Kibaha kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, Tumbi. Wagonjwa wanaohitaji tiba maalumu, kama mionzi, hupelekwa Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Saratani Ocean Road. Uzito ukipimwa na kuandikwa mapema kwenye zahanati, daktari wa upasuaji hupata cha kulinganisha. Kukonda kusichukuliwe kuwa ni uzee tu.

Lishe

Kwa kawaida mgonjwa huhitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 60 hadi 75 kwa mwenye kilo 50. Muhogo, chakula cha kawaida Pwani, hutoa nguvu lakini una protini kidogo. Hivyo uliwe pamoja na dagaa, samaki, mayai, kunde au maharage. Korosho za kusaga na maziwa huongezwa kwenye uji wa mgonjwa asiyeweza kutafuna. Mwenye saratani ya umio anaweza kuhitaji mpira wa kulishia. Mwenye ugonjwa wa figo apate kwanza ushauri wa daktari.

Kumnyima mgonjwa chakula hakuui saratani, bali humdhoofisha yeye. Utapiamlo ukiwa mkali, madaktari wanaweza kuahirisha upasuaji kwa siku 7 hadi 14 ili alishwe kwanza.