Mwinamo wa Dunia na Saa za Saumu

Ndugu Waislamu, Dunia hulizunguka Jua ikiwa imeinama kwa nyuzi zipatazo 23.5. Hapa Tinde, karibu na Ikweta, mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima. Majira tunayatambua kwa mvua zianzazo Novemba hadi Aprili. Lakini mwezi Juni upande wa kaskazini huinamia Jua: katika Ramadhani ya 2016, mchana wa London ulizidi saa 16. Desemba huko hushuka hadi saa 8 hivi. Nayo Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, hivyo uzito na wepesi hupokezana. Basi tusiipime saumu ya jamaa zetu walioko Ulaya kwa saa zetu, tuwaombee subira. Wallahu a'alam.