Upambanuzi wa Kombe la Kisukuku kwa Sifa za Gamba: Mfano wa Chesapecten jeffersonius

1. Utangulizi

Mara nyingi hudhaniwa kwamba kueleza viumbe ni kazi ya wanasayansi peke yao, na kwamba mwanalugha huitwa mwishoni tu, atafute majina ya Kiswahili ya kuvipa vitu vilivyokwisha kuelezwa. Dhana hiyo ina kasoro kubwa, na kasoro hiyo haionekani wazi zaidi popote kuliko katika elimu ya visukuku. Kiumbe kilichokufa mamilioni ya miaka iliyopita hakina tena mwendo wala makao ya kuchunguzwa. Kilichobaki ni gamba, pamoja na maneno yanayolieleza gamba hilo. Maneno yakilegea, spishi mbili hugeuka kuwa moja, au moja ikahesabiwa kuwa mbili. Na kwa kuwa wanajiolojia hutumia visukuku kutambua umri wa matabaka ya ardhi, kosa la maelezo huwa kosa la tarehe pia.

Makala haya yanakusudia kueleza namna spishi moja ya kombe la kisukuku, Chesapecten jeffersonius, inavyopambanuliwa na jamaa zake kwa sifa za gamba. Sambamba na hayo, yataonyesha mahali ambapo msamiati wa Kiswahili unatosheleza kazi hiyo na mahali unapodai uangalifu.

Neno "kombe" lahitaji kuwekewa mipaka tangu mwanzo. Katika matumizi ya kawaida neno hili lina maana nyingi: gamba la chaza, chombo kikubwa cha kupakulia chakula, hata zawadi ya washindi wa mpira. Hapa litatumika kwa maana finyu, yaani mnyama wa baharini wa familia ya Pectinidae, mwenye magamba mawili yaliyotanuka kama upepo wa kujipepea. "Gamba" litakuwa na maana ya kila moja ya pande hizo mbili.

2. Spishi na jina lake

Chesapecten jeffersonius hupatikana mashariki mwa Marekani, hasa katika jimbo la Virginia, ndani ya matabaka yaitwayo Yorktown. Aliishi katika bahari ya kina kifupi iliyofunika nchi hiyo takriban miaka milioni 4 hadi 5 iliyopita. Magamba yake yamehifadhika vizuri kwa sababu sehemu yao kubwa ni kalsaiti, madini yanayostahimili maji ya ardhini kuliko aragonaiti, ambayo ndiyo iliyounda magamba ya chaza wengine wengi. Hivyo, mahali ambapo jamaa wengine wa bahari ile wameyeyuka na kuacha alama tupu, kombe hubaki zima.

Mwaka 1687 mtaalamu wa Uingereza, Martin Lister, alichapisha mchoro wa kombe kutoka Virginia katika kitabu chake kikubwa cha magamba, ambacho michoro yake ilichorwa na binti zake, Susanna na Anna. Mchoro huo huhesabiwa kuwa wa kwanza wa kisukuku cha Amerika ya Kaskazini kuchapishwa katika maandishi ya kisayansi, na kombe lililochorwa limetambuliwa kuwa la spishi hii. Hata hivyo, spishi haikupata jina rasmi mpaka mwaka 1824, Thomas Say alipoiita Pecten jeffersonius kwa heshima ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani. Katika maandishi yayo hayo Say alitaja pia Pecten madisonius na Pecten septenarius. Kwa muda mrefu baadaye wataalamu walihitilafiana kuhusu jenasi inayofaa, hata Lauck Ward na Blake Blackwelder walipounda jenasi ya Chesapecten mwaka 1975. Mwaka 1993 jimbo la Virginia lilikifanya kisukuku hiki kuwa nembo yake mojawapo.

Majina matatu ya Say yana somo kwa mwanalugha. Jina septenarius lina fununu ya umbo, kwani latokana na neno la Kilatini la "saba" na ladokeza idadi ya mbavu. Majina jeffersonius na madisonius hayasemi lolote juu ya gamba. Lakini yote matatu yana hadhi sawa. Gamba la septenarius lisilo na mbavu saba kamili halipotezi jina lake, kwa sababu jina la spishi hushikamanishwa na kielelezo maalumu kilichohifadhiwa, wala si na maana ya neno. Kazi ya kupambanua ni ya maelezo yanayoliandama jina.

3. Sehemu za gamba

Kila gamba la kombe lina kilele, yaani ncha ya juu ambako ukuaji ulianzia. Penye kilele pana bawaba inayoyaunganisha magamba mawili, na pande zote mbili za kilele mna masikio. Kutoka kileleni mbavu hutawanyika hadi ukingoni, na kati ya ubavu na ubavu kuna mfereji. Maneno haya yote ni ya kawaida, na hayahitaji kubuniwa. Yahitaji tu kufungwa, kila moja kwa maana moja.

Ugumu wa kwanza unahusu "kulia" na "kushoto". Msemaji wa kawaida huhesabu pande kwa mwili wake mwenyewe au kwa jinsi kitu kinavyomkabili. Katika maelezo ya kombe, pande huhesabiwa kwa mwili wa mnyama. Gamba la kulia likishikwa kilele kikiwa juu na sehemu ya nje ikimwelekea mtazamaji, upande wa mbele wa mnyama huwa kuliani mwa mtazamaji. Gamba la kushoto likishikwa vivyo hivyo, upande wa mbele huwa kushotoni mwake. Jambo hili si dogo, maana sifa mojawapo kubwa ya upambanuzi hupatikana kwenye gamba la kulia peke yake.

Sifa hiyo ni pengo lililo chini ya sikio la mbele la gamba la kulia. Kupitia pengo hilo mnyama hutoa nyuzi za kujishikiza kwenye mwamba au magamba mengine. Neno "pengo", ambalo hutumika kwa nafasi iliyoachwa na jino lililong'oka, lafaa sana hapa, na kwa sadfa njema ukingo wa pengo la makombe huwa na safu ya vijino vidogo. Atakayelitafuta pengo hilo kwenye gamba la kushoto hatalipata, na akidhani kukosekana kwake ni sifa ya spishi atakuwa amepotoka tangu hatua ya kwanza.

Ugumu wa pili unahusu neno "ubavu" lenyewe. Gamba la Chesapecten lina miinuko ya namna mbili. Ya kwanza ni mikunjo mikubwa ya gamba zima, ambayo huonekana nje kama matuta na ndani, hasa karibu na ukingo, kama mifereji. Ya pili ni michirizi myembamba yenye vigamba vidogo, iliyo juu ya uso tu, ambayo hupita juu ya mikunjo na katika mifereji. Mwandishi akisema "gamba lina mistari mingi", msomaji hawezi kujua ni ipi iliyohesabiwa. Yafaa basi "ubavu" uwekwe kwa mkunjo mkuu tu, na "mchirizi" kwa pambo la juu. Kanuni ni nyepesi: ubavu huonekana pande zote mbili za gamba, mchirizi huonekana nje tu.

4. Sifa zinazopambanua

Sifa inayotajwa mbele ya zote ni idadi ya mbavu. C. jeffersonius kwa kawaida ana mbavu kati ya 9 na 12, pana, zilizoinuka, zenye mgongo bapa. C. madisonius ana mbavu nyingi na nyembamba zaidi. C. septenarius anazo chache zaidi, zilizoachana. Faida ya sifa hii ni kwamba haitegemei sana umri wa mnyama: gamba likikua, mbavu kuu hurefuka na kupanuka, lakini idadi yake huwa imekwisha kuwekwa tangu utoto.

Hata hivyo, idadi peke yake haitoshi. Spishi ni umma wa viumbe, na viumbe hutofautiana. Gamba lenye mbavu 12 au 13 laweza kuwa pembezoni mwa spishi moja au ya pili. Hapo ndipo sifa nyingine huitwa kutoa ushahidi: umbo la ubavu ukikatwa kwa upana, uwiano wa upana wa ubavu na wa mfereji, urefu wa bawaba, na kina cha pengo.

Kina cha pengo kina historia yake. Ward na Blackwelder walizipanga spishi za jenasi hii kwa kufuata matabaka, kuanzia C. coccymelus, kisha C. nefrens, C. santamaria, C. middlesexensis, C. jeffersonius, hadi C. madisonius. Katika mfuatano huo wa zaidi ya miaka milioni 10, sikio la mbele lilibadilika umbo na pengo likapungua kina. Kwa hiyo pengo humsaidia mchunguzi kujua gamba ni la mapema au la baadaye.

Lakini sifa hii, tofauti na idadi ya mbavu, hubadilika pia katika maisha ya mnyama mmoja. Makombe mengi huwa na pengo la kina zaidi yakiwa machanga, wakati yanapojishikiza kwa nyuzi, kuliko yakisha kukomaa. Mchunguzi akilinganisha kombe changa la spishi ya baadaye na kombe pevu la spishi ya kale, aweza kuona usawa usiokuwapo. Sharti magamba yanayolinganishwa yawe ya umri mmoja au yakaribiane.

Kuna pia tofauti zisizo za spishi wala za umri. Gamba lililosuguliwa na mawimbi hupoteza michirizi, na pembe za mbavu zake huviringana. Masikio nayo huvunjika upesi. Kukosekana kwa sifa kwenye kielelezo kilichochakaa si ushahidi kwamba mnyama hakuwa nayo.

Wanafunzi wa fonolojia hawatakuwa wageni wa hoja hii. Katika Kimvita mpumuo hutenga "paa" la nyumba na "paa" wa mwituni, ilhali kwa wasemaji wengi wa bara mpumuo huohuo hautengi maneno. Sifa haipambanui kwa sababu ipo. Hupambanua kwa nafasi yake katika mfumo. Vivyo hivyo, michirizi ya uso ipo kwa jeffersonius na kwa madisonius pia, basi kuitaja ni kueleza, wala si kupambanua.

5. Maelezo na upambanuzi

Kutokana na hayo yafaa kutofautisha aina mbili za maandishi. "Maelezo" hutaja kila kinachoonekana kwenye gamba, kiwe cha pekee au cha kushirikiana. "Upambanuzi" hutaja yale tu yanayoitenga spishi na jamaa zake wa karibu. Kwa spishi hii upambanuzi waweza kuandikwa hivi:

Kombe kubwa la jenasi Chesapecten. Mbavu 9 hadi 12, pana, zilizoinuka, zenye mgongo bapa. Hutofautiana na C. madisonius kwa mbavu chache na pana zaidi, na C. septenarius kwa mbavu nyingi zaidi na zilizokaribiana zaidi. Na spishi za kale za jenasi hiyo kwa pengo lenye kina kidogo.

Itaonekana kwamba maneno "zaidi" na "kidogo" hayakuachwa yakielea. Kila moja limefungwa kwa jina la spishi inayolinganishwa au kwa tarakimu. Kuandika "mbavu ni pana" bila kusema pana kuliko za nani ni kumpa msomaji neno lisilo na kipimo.

6. Hitimisho

Imedhihirika kwamba msamiati wa msingi wa kazi hii, yaani gamba, kilele, bawaba, sikio, pengo, ubavu na mchirizi, umo katika Kiswahili cha kila siku. Kilichopungua ni mapatano juu ya mipaka ya kila neno. Kamati ya istilahi ikianza kwa kutafuta neno jipya kwa kila neno la kigeni, itapata orodha ndefu ambayo haitamsaidia mwanafunzi kutenga gamba hili na lile. Ikianza kwa kuuliza ni tofauti gani hasa ambazo mchunguzi analazimika kuzitaja, itagundua kwamba maneno mengi yamo tayari mdomoni mwa mvuvi na mama wa jikoni. Mwanalugha aketi na mwanajiolojia wakati gamba lingali mezani, kabla maelezo hayajaandikwa.