Ashwagandha, manjano, mwarobaini: Kabla hujameza, soma hapa kwanza

Fungua TikTok jioni ya leo na hutakosa mtu akikuambia kijiko kimoja cha unga fulani kitakuondolea msongo wa mawazo, kikupe usingizi na kukujengea misuli. Mara nyingi unga huo ni ashwagandha. Ukishuka Ngara au Parklands utaupata dukani kando ya mitishamba mingine ya Kihindi. Sasa, inafanya kazi ama unamlipia mtu kodi ya duka tu?

Jibu fupi: baadhi inafanya kazi. Na hapo ndipo unafaa kuwa makini, maana kitu chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru pia.

Si unga wa kila mtu

Ayurveda ni neno la Kisanskriti lenye maana ya maarifa ya maisha. Ni tiba ya India yenye zaidi ya miaka 2,000, na leo watu huisomea chuo kikuu kwa zaidi ya miaka mitano. Tangu 2014 India ina wizara inayosimamia tiba za jadi.

Mganga wa Ayurveda hukuangalia wewe kwanza: unalalaje, unakula nini, mwili wako umekaaje. Watu wawili wanaolalamikia kukosa usingizi wanaweza kutoka kwake na dawa tofauti. Kwa hivyo hiyo stori ya "kila mtu kijiko kimoja" hata Ayurveda yenyewe haiitambui.

Tuangalie ile maarufu

Ashwagandha: Jina linamaanisha harufu ya farasi, na ukinusa mzizi wake utaelewa. Mmea huu huota porini hata hapa Kenya. Tafiti kadhaa ndogo zimeonyesha kwamba ukiutumia kwa wiki kadhaa, unaweza kupunguza msongo na kusaidia usingizi kiasi. Lakini kuna watu ambao ini limeumia baada ya kuutumia, na mwaka wa 2023 Denmark iliupiga marufuku. Kama una mimba, una shida ya tezi ya shingo, au unameza dawa za kisukari, presha ama usingizi, usiuguse bila kuongea na daktari.

Manjano: Kiungo chake kikuu, kurkumini, kinaonekana kupunguza maumivu ya magoti yaliyochakaa. Shida ni kwamba mwili hukifyonza kidogo sana. Ndiyo maana kuna pilipili manga: huongeza ufyonzwaji huo mara nyingi. Kwenye chakula manjano ni salama kwa wengi wetu. Vidonge vyenye kipimo kikubwa ni habari nyingine, hasa kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Mwarobaini: Asili yake ni huko Bara Hindi, na kwetu Pwani ukapewa jina kwa sifa ya kutibu maradhi arobaini. Kupigia mswaki kijiti chake ni desturi ya zamani, India na hapa. Lakini usimpe mtoto mdogo mafuta yake anywe. Watoto wamewahi kudhurika vibaya. Na ukiwa na homa, nenda ukapimwe malaria. Majani machungu hayachukui nafasi ya kipimo.

Triphala: Unga wa matunda matatu yaliyokaushwa. Husaidia choo kutoka. Usipojua hilo na uimeze asubuhi kabla ya kupanda matatu ya Thika Road, shauri yako.

Noma iko kwenye chupa

Mwaka wa 2008, watafiti Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni. Karibu moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya dawa hizi huchanganywa na madini makusudi, kulingana na tawi moja la tiba hiyo. Risasi huharibu ubongo na figo, na huwezi kuionja wala kuinusa.

Kwa hivyo fanya hivi:

- Usinunue unga usio na lebo, hata kama muuzaji ni rafiki ya binamu yako.
- Angalia kama bidhaa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.
- Anza na mmea mmoja, si mchanganyiko wa kumi. Ukipata shida utajua ni upi.
- Ukienda hospitali, taja kila unachomeza. Daktari hawezi kukisia.
- Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ukianza kujikuna mwili mzima, acha mara moja na uende hospitali. Usicheze na ini, msee.

Na kama pesa ni kidogo, kumbuka tangawizi, manjano na pilipili manga ziko sokoni kwa bei ya chini. Ziweke kwenye supu au chai. Halafu kama usingizi ndio shida, zima hiyo TikTok saa nne usiku. Hiyo haihitaji kijiko.