Chungu Kimoja, Matumbo Mbalimbali

Kiangazi kikishika Simiyu, kuanzia Kimali hadi Bariadi mjini, chungu cha mchana hakibadiliki sana: nsansa, yaani majani ya kunde yaliyoanikwa juani, yakaungwa kwa karanga, na ugali pembeni. Watu sita wananawa, wanazunguka sahani moja, wanamega tonge zinazofanana. Lakini kinachoingia damuni si kilekile kwa wote sita.

Kliniki tumezoea kuambiwa mboga za majani zinaongeza damu na viazi lishe vinasaidia macho. Ni kweli, ila kauli hiyo inaruka safari ndefu iliyopo kati ya mdomo na damu.

Chukua kiazi lishe chenyewe. Rangi yake ya chungwa ni beta-karotini, ambayo bado si vitamini A. Lazima kimeng'enya kilichopo kwenye ukuta wa utumbo kiikate kwanza, na mkasi huo haunolewi sawa kwa kila mtu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwapa wanawake beta-karotini na kupima damu zao. Waliokuwa na badiliko moja la jeni linalotengeneza kimeng'enya hicho, uwezo wao wa kuigeuza ulikuwa chini kwa asilimia 32. Wenye mabadiliko mawili, asilimia 69. Mganda Robert Mwanga, aliyepata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 pamoja na wenzake watatu kwa kazi iliyohusu pia viazi hivi, anaweza kukijaza kiazi virutubisho. Mkasi wa mlaji hauzalishwi shambani. Mwenye mkasi butu hunufaika zaidi na maziwa, mayai au ini, ambamo vitamini A imeshakatwa tayari na mwili wa mnyama.

Jikoni nako kuna mkono wake. Beta-karotini huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo karanga alizotwanga bibi si za kuongeza ladha tu. Jua nalo hupunguza rangi hiyo: michembe ya viazi lishe iliyokaa juani haibaki na yote iliyokuwamo kiazi kikiwa kibichi.

Kwangu mimi, hata hivyo, sehemu inayosisimua iko chini zaidi, kwenye utumbo mpana. Kemikali nyingi za mimea, kama zile zinazoupa mtama mwekundu rangi na ukakasi, hufika huko zikiwa hazijafyonzwa. Wanaozivunja ni bakteria. Ufuta, kwa mfano, una lignani, na bakteria ndio wanaozigeuza kuwa enterolaktoni inayoweza kuingia damuni. Aliyetoka kumeza antibayotiki hutengeneza kidogo. Ukikumbuka jinsi vile vidonge vya rangi mbili vinavyonunuliwa dukani kwa kila kikohozi, unaelewa kwamba tunawafukuza wapishi kisha tunashangaa chakula hakiivi.

Wapishi hao wanaweza kuwa wengi kiasi gani? Jibu moja liko jirani. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi wilayani Meatu, hula mizizi, matunda pori, ubuyu, asali na nyama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwa wastani spishi 730 za vijidudu katika utumbo wa Mhadzabe mmoja, dhidi ya 277 kwa mkazi wa California. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba baadhi ya vijidudu vyao hupotea msimu mmoja na kurudi mwingine, kufuata chakula.

Basi tofauti hizi si za kuzaliwa nazo tu. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Kilimanjaro lililohusisha vijana 77 wa kiume. Waliohamishwa kutoka chakula cha asili kwenda cha kizungu kwa wiki 2 tu, damu zao zilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani kuongezeka. Waliofanya kinyume chake, zilipungua. Wiki 2! Huo ni muda wa gunia la mkaa kuisha.

Hata ulimi una jeni zake. Wapo wanaosikia kwa ukali zaidi uchungu wa kemikali za jamii ya zile za kabichi na mgagani, kwa hiyo mtoto anayesukuma bakuli si lazima awe mkaidi. Maziwa wanayotia wapishi wa mgagani ni jibu la zamani la tatizo hilo.

Na ile damu ya kliniki? Mwili wenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza mengi zaidi kutoka kwenye mboga ileile kuliko mwili ulioshiba nayo. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga huongeza kinachofyonzwa. Chai ya rangi inayoletwa mara tu baada ya kunawa mikono hukipunguza. Mama mjamzito akiuliza kama anywe sasa au baadaye, birika libaki jikoni saa moja au mbili.