Umeachwa, Lakini Pensheni Yake Ina Fungu Lako

Wakiachana, kila mtu na hamsini zake. Lakini kwenye pensheni ya Serikali ya Marekani, ile inayolipwa na Social Security, aliyeachwa bado anaweza kuwa na fungu lake, na fungu hilo halimpunguzii mwenzake hata senti moja. Wala mke mpya hapunjwi.

Akina mama wa kwetu waliohamia huko na waume zao wanahusika sana. Mume alikatwa makato kwenye kila mshahara. Mke alilea watoto, akasuka nywele za watu sebuleni kwa malipo ya mkononi, na jina lake halikuingia popote. Pensheni ya jina lako mwenyewe inataka alama 40, sawa na miaka kama kumi ya kazi yenye makato. Asiyezifikisha hudhani ametoka mikono mitupu.

Sheria iliwakumbuka wake walioachwa mwaka 1965, ila kwa ndoa iliyodumu miaka 20. Mabadiliko ya 1977 yakaishusha hadi 10. Leo wanaume nao wana haki hiyo. Mwombaji awe ametimiza miaka 62, asiwe kwenye ndoa nyingine, na pensheni yake mwenyewe iwe ndogo kuliko anayoidai. Mume wa zamani akiwa na 62 na sifa zote lakini hajaanza kuchukua chake, mke anaweza kumtangulia, mradi talaka imetimiza miaka miwili.

Kiwango cha juu ni nusu. Tuseme pensheni kamili ya mume ni dola 2,400 kwa mwezi. Mke aliyezaliwa 1960 au baadaye, asiye na pensheni yake, akisubiri hadi 67 atapata 1,200. Akikimbilia kuomba na 62, ni 780. Mwenye 500 zake akisubiri ataongezewa 700 tu; hapewi zote mbili. Mume akitangulia mbele ya haki, hesabu inageuka: aliyebaki anaweza kupata hadi kiwango chote cha marehemu.

Wengine huogopa kuanzisha ugomvi upya. Ofisi haimwandikii mtalaka wako barua, wala saini yake haihitajiki. Wanataka cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na hukumu ya talaka. Kama cheti cha ndoa kimebaki sandukuni Tanga, ndugu waanze kukitafuta sasa. Namba ya Social Security ya mwenzako kama huijui, taja tarehe na mahali alipozaliwa na majina ya wazazi wake.

Linaloniudhi ni ile miaka kumi. Inahesabiwa tangu siku ya ndoa hadi hukumu ya talaka inapokamilika, si siku mliyohama nyumba. Miaka tisa na miezi kumi na moja haikupi kitu. Basi wewe ambaye kesi yako iko mahakamani na ndoa ina miaka tisa, muulize wakili wako tarehe ya hukumu kabla hujatia saini.