Mtoto wa mgongoni halipi nauli, wala hahesabiwi: hatari za safari za mitumbwi Ziwa Tshangalele

LIKASI, Haut-Katanga — Mtumbwi unapopakiwa ukingoni mwa ziwa, kinachohesabiwa ni vichwa vya wanaolipa na magunia. Mama mwenye mtoto mgongoni ni kichwa kimoja. Mtoto wa miaka mitatu anayeketishwa juu ya gunia la makala mara nyingi hahesabiwi kabisa, kwani atabanwa katikati ya watu wazima na hatachukua nafasi ya mtu. Chombo kikipinduka, hesabu hiyo hiyo ndiyo itakayotumika kuwatafuta waliopotea.

Ziwa Tshangalele, lililo takriban kilomita 35 mashariki mwa Likasi, si ziwa la asili. Lilitokea baada ya Mto Lufira kuzuiwa kwenye maporomoko ya Mwadingusha, ambako kituo cha umeme kilianza kazi mwaka 1930 ili kulisha viwanda vya shaba vya kampuni ya Union Minière, enzi ambazo Likasi ilikuwa ikipewa jina la Jadotville. Kituo hicho kilikarabatiwa na kukamilika mwaka 2021, na uwezo wake sasa ni megawati 78. Kwa wahandisi, Tshangalele ni akiba ya maji ya mitambo. Kwa vijiji na kambi za wavuvi zilizolizunguka, ni shamba la samaki wanaokula Likasi na Lubumbashi, na pia ni barabara. Kwenye barabara hiyo watoto husafiri tangu wakiwa na siku chache za maisha.

Wazazi hawawapandishi watoto mtumbwini kwa kutaka matembezi. Mama anayekwenda kununua samaki kambini hana wa kumwachia mtoto anayenyonya. Mwingine anakwenda msibani, au anampeleka mtoto mwenye homa hospitali. Kuna pia chanjo. Kwa ratiba inayofuatwa nchini Kongo, mtoto hupata chanjo anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14 na miezi 9. Ikiwa amezaliwa kambini ng'ambo ya maji na hakuna timu ya afya inayofika huko, miadi hiyo mitano ni safari kumi za mtumbwi kabla hajajua kutembea. Kumwambia mama huyo asimpeleke mtoto majini ni kumwambia asimchanje.

Ziwa lenyewe huwadanganya wageni. Halina kina kirefu, na sehemu kubwa ya kingo zake ni matete na tope, hivyo watu hudhani kwamba chombo kikizama watasimama tu na kutembea hadi nchi kavu. Mtu mzima huenda akaweza mahali fulani, iwapo tope halimshiki miguu. Mtoto wa miaka miwili hawezi, kwa sababu maji ya kumfika baba yake magotini yanatosha kumuua. Tena huzama kimya. Hapigi kelele wala hapungi mkono kama wanavyofanya watu kwenye filamu, kwa kuwa mdomo uliojaa maji hauwezi kuita.

Maji mafupi yana tabia nyingine ambayo wavuvi wanaijua vizuri: upepo ukivuma, hayachukui muda kuchafuka. Mawimbi yake huwa mafupi na ya kukaribiana, na mtumbwi mwembamba uliojaa hadi ukingo huanza kunywa maji. Katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, dhoruba za radi hutanguliwa na upepo wa ghafla, hasa mchana na jioni. Miezi ya Juni na Julai huwa na upepo wa kiangazi na baridi ya uwanda wa juu wa Katanga. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, na hajui hata kutetemeka kama tunavyotetemeka sisi. Kitenge kilicholowa wakati kama huo humpoza badala ya kumfunika.

Nchi hii ina kumbukumbu chungu za maji. Desemba 2014, meli ya Mutambala ilizama Ziwa Tanganyika, katika jimbo la Katanga la wakati ule, na zaidi ya watu 100 wakafa. Aprili 2019, chombo kilizama Ziwa Kivu upande wa Kalehe na watu wapatao 150 wakatangazwa kuwa hawajulikani walipo. Rais Félix Tshisekedi alifika Kalehe siku chache baadaye na kuagiza kila abiria avae jaketi la uokozi, au jile kama wanavyosema wengi huku. Miaka mitano baadaye, tarehe 3 Oktoba 2024, meli ya Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku mjini Goma, huku watu wakiitazama kutoka ufukweni. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema siku hiyo kwamba watu 78 walikufa, na kwamba meli ilibeba abiria 278. Idadi hiyo ilizidi sana uwezo wa chombo. Barabara ya Goma ilikuwa imekatwa na vita, na watu hawakuwa na njia nyingine.

Baada ya kila ajali hufuata swali lile lile: walikuwa wangapi? Ilipozama MV Bukoba karibu na Mwanza, Tanzania, tarehe 21 Mei 1996, orodha ya abiria ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili tu. Wa daraja la tatu hawakuandikwa, na hadi leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa kukadiria. Mtoto wa mgongoni yuko chini hata ya daraja la tatu, kwa sababu hana tiketi. Mama yake akifa naye, na ndugu wako mbali, anaweza kupotea bila jina lake kutajwa popote.

Kitenge ndicho jambo linalohitaji kusemwa waziwazi, ingawa linagusa desturi inayopendwa. Nchi kavu, mgongo wa mama ni mahali salama kuliko pote. Mtumbwini, mama hufunga mtoto kwa sababu za maana: mikono inabaki huru kushika ukingo, kuchota maji yanayoingia, kumshika mtoto mwingine. Lakini akianguka majini, kichwa cha mtoto kiko chini ya kichwa chake. Maji yakimfika mama kidevuni, uso wa mtoto uko ndani tayari. Akijaribu kulala chali ili aelee, mtoto yuko chini yake. Fundo la kitambaa kilicholowa hukaza, na mtu anayepigania pumzi hawezi kulifungua kwa vidole.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza haigharimu hata faranga moja: fundo lifunguliwe kabla ya kuondoka. Mtoto apakatwe mbele, kitenge kimfunike bila kumfunga. Mama aketi chini kabisa ya mtumbwi, si juu ya ukingo wala juu ya mzigo. Watoto wanaoweza kukaa wenyewe waketi chini pia, kila mmoja akiwa na mtu mzima mmoja aliyekubaliana kumshika. Hilo la kukubaliana si la kupuuza, kwa sababu mama mmoja mwenye watoto watatu ana mikono miwili. Na mtoto asifungwe kamwe kwenye mtumbwi kwa kamba, hata kama nia ni njema.

Jaketi lenyewe ni habari nyingine. La mtu mzima halimfai mtoto mchanga. Likiingia majini hupanda juu na yeye huchomoka kwa chini. La mtoto mchanga lina kola kubwa inayobeba kichwa na kumgeuza uso juu, mkanda unaopita katikati ya miguu ili asichomoke, na mshikio mgongoni wa kumnyakulia. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli baharini, SOLAS, unagawa majaketi kwa uzito: chini ya kilo 15 ni ya watoto wachanga, kilo 15 hadi chini ya 43 ni ya watoto. Meli yenye safari ya chini ya saa 24 inatakiwa kuwa na majaketi ya watoto wachanga yasiyopungua asilimia 2.5 ya abiria, na ya watoto asilimia 10. Mkataba huo haukuandikwa kwa ajili ya mitumbwi ya Tshangalele, lakini hesabu yake inaonyesha kwamba waliouandika walimkumbuka mtoto.

Hata kwa matajiri wanaopanda mashua kwa starehe, kuna mipaka. Walinzi wa pwani wa Marekani hawashauri mtoto mchanga kuchukuliwa kwenye mashua ya burudani kabla hajaweza kuvaa jaketi linalomkaa sawasawa, jambo ambalo kwa kawaida huwezekana akifikisha takriban kilo 8. Mama wa kambini hawezi kusubiri kilo 8. Chanjo ya wiki 6 haisubiri.

Agizo la mwaka 2019, likitekelezwa kwa majaketi ya watu wazima peke yake, linamwacha nje abiria huyu. Kwa mwenye mtumbwi mmoja, kununua majaketi ya kila umri ni gharama kubwa, na anajua kwamba mtoto halipi. Kinachowezekana ni majaketi madogo machache kukaa ukingoni mikononi mwa chama cha wavuvi, parokia au kituo cha afya, yakiazimwa kwa safari na kurudishwa. Bidoni tupu la lita 20 lililozibwa vizuri humsaidia mtu mzima kuelea, na ni heri liwepo kuliko lisiwepo. Mtoto mchanga hana nguvu ya kulishika, na asihesabiwe kuwa amelindwa kwa sababu bidoni limo chomboni.

Njia iliyo nafuu zaidi pengine ni kupunguza safari zenyewe. Wachanjaji wawili wenye majaketi, wakivuka asubuhi kabla ya upepo na kuchanja watoto 30 kambini, wanawaondolea watoto hao safari 60 kwa siku moja. Wizara ya Afya ina utaratibu wa timu kwenda vijijini badala ya kungoja vijiji vije. Kwa kambi za majini, utaratibu huo ungepaswa kupimwa kama hatua ya usalama pia, si ya chanjo pekee.

Mtumbwi, hata hivyo, si mahali pekee panapoua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5, na Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo kwa idadi ya watu. Wengi wa watoto hao hawakuwa safarini. Walikuwa karibu na nyumbani, mama akiwa kazini. Bangladesh, nchi ya mito na madimbwi, ilifungua vituo vya vijijini ambako watoto wadogo hulindwa saa za asubuhi, na vifo vikapungua sana. Kambi yenye wanawake kumi wanaokausha samaki inaweza kupanga zamu, mmoja akilinda watoto wote, na mama anayevuka kwenda sokoni akamwachia hapo mkubwa wa miaka mitatu.

Kwa wanaolazimika kuvuka, ukingoni panatosha daftari la shule na kalamu: jina la mama, jina la kila mtoto, umri, jina la ndugu anayewangoja upande wa pili. Uzito hauhitaji mizani. Umeandikwa tayari kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, ambayo mama anayekwenda kuchanjisha ameibeba, na ndio utakaoonyesha jaketi lipi avalishwe.