Baada ya Kura Kuhesabiwa: Viti vya Bungeni na Mafao ya Wote



Uchaguzi mkuu ukipita, wengi wetu tunaona kazi imekwisha. Matokeo yanatangazwa, walioshinda wanaapishwa, nasi tunarudi kwenye biashara, mashamba na ziwa. Kumbe baada ya kura kuhesabiwa kuna hesabu nyingine inayofanyika Dodoma: nani aongoze, nani akosoe, nani akague fedha. Hesabu hii ya pili haipigiwi kampeni mtaani, lakini inagusa maisha yetu sawasawa na ile ya kwanza.

Tutaieleza kwa mfano wa uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba 2010. Tumeuchagua kwa sababu wakazi wa Mabatini na wa Mwanza yote wanaukumbuka, na kwa kuwa umepita miaka mingi, tunaweza kuuchambua kwa utulivu.

Kura moja, kazi mbili

Mwaka ule jimbo la Nyamagana, ambamo Mabatini imo, lilimchagua Ezekia Wenje wa Chadema. Alimshinda Lawrence Masha wa CCM, ambaye alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Majimbo jirani ya Ilemela na Ukerewe nayo yalikwenda Chadema. Kwa nchi nzima, CCM ilipata majimbo 186, CUF 24, Chadema 23, NCCR-Mageuzi 4, na vyama vya UDP na TLP jimbo mojamoja. Jumla ni majimbo 239.

Kwa hesabu hiyo, CUF ilikuwa mbele ya Chadema. Lakini mambo hayakuishia hapo. Katiba yetu inataka wanawake wa viti maalumu, na viti hivyo hugawiwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge nchi nzima, kila chama kwa kadiri ya kura zake. Majimbo karibu yote ya CUF yalikuwa Zanzibar, hasa Pemba, ambako wapiga kura wa jimbo ni wachache. Kura za Chadema zilitoka miji mikubwa na mikoa yenye watu wengi ya Bara, zikiwamo zile walizopigiwa wagombea wake walioshindwa. Basi katika viti 102 vilivyogawiwa, CCM ilipata 67, Chadema 25 na CUF 10.

Jumlisha sasa. Chadema 23 na 25 ni wabunge 48. CUF 24 na 10 ni 34. Chama kilichokuwa nyuma kwa majimbo kikawa mbele kwa wabunge. Ndiyo maana tunasema kura ya mwananchi wa Mabatini ilifanya kazi mbili: ilimpeleka mbunge wa jimbo, na pia ilichangia kupeleka wanawake ambao majina yao hayakuwa kwenye karatasi ya kura.

Mvutano juu ya kambi ya upinzani

Kanuni za Bunge zilitaka chama au vyama vinavyounda Kambi Rasmi ya Upinzani viwe na angalau asilimia 12.5 ya wabunge wote, yaani mmoja kati ya kila wanane. Bunge lile la kumi lilikuwa na nafasi zaidi kidogo ya 350, hivyo walihitajika wabunge wapatao 45. Chadema, kwa wabunge wake 48, iliweza kuunda kambi peke yake bila kuomba msaada wa mtu. Na ndivyo ilivyofanya, chini ya Freeman Mbowe.

Wengine walilalamika. Katika Bunge lililotangulia, la 2005 hadi 2010, kambi iliongozwa na Hamad Rashid Mohamed wa CUF, na Chadema walipewa nafasi ndani yake. Kwa nini sasa wao wawaache wenzao nje?

Chadema walikuwa na hoja. Zanzibar ilikuwa imefanya kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, na wananchi asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Baada ya uchaguzi, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, pamoja na CCM. Chadema wakauliza: chama kinachokaa serikalini na CCM upande mmoja wa Muungano kitawezaje kuipinga upande wa pili? CUF nao walijibu kwamba maridhiano ya Zanzibar yaliletwa ili kumaliza uhasama uliomwaga damu, na kwamba hayakuwafanya kuwa CCM huku Bara.

Ukitazama vizuri, kila upande ulikuwa na neno la kweli. Amani ya Zanzibar ilikuwa jambo jema, na upinzani wenye msimamo ulio wazi nao ni jambo jema. Siasa mara nyingi hutuweka mbele ya mema mawili yanayovutana, na huwa si rahisi kusema huyu ni mwema na yule ni mbaya.

Nani akague fedha?

Kiini cha mvutano kilikuwa kamati za hesabu. Kamati hizi hupokea ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na kuwahoji wakuu wa ofisi za umma. Zilikuwa tatu: ya Hesabu za Serikali, ya Hesabu za Serikali za Mitaa, na ya Hesabu za Mashirika ya Umma. Kwa utaratibu, wenyeviti wake hutoka upinzani, kwa kuwa si vema anayetumia fedha ajikague mwenyewe.

Februari 2011 kanuni zikarekebishwa ili nafasi hizo ziwe wazi kwa vyama vyote vya upinzani, si kwa kambi ya Chadema tu. Wabunge wa Chadema walipinga na kutoka ukumbini. Mwenyekiti huchaguliwa na wajumbe wa kamati, na katika kila kamati wajumbe wengi walikuwa wa CCM. Maana yake, chama tawala kilikuwa na sauti kubwa katika kuamua ni mpinzani gani atakayekikagua. John Cheyo wa UDP akapata Hesabu za Serikali, Augustino Mrema wa TLP akapata Serikali za Mitaa, na Zitto Kabwe wa Chadema akapata Mashirika ya Umma. Vyama viwili vyenye jimbo mojamoja vikashika kamati mbili kati ya tatu.

Jambo hili lilimhusu mwananchi wa Mabatini moja kwa moja. Kamati ya Serikali za Mitaa ndiyo inayotazama vitabu vya halmashauri zote, likiwamo Jiji la Mwanza. Mto Mirongo ukifurika na maji kuingia majumbani, tunauliza fedha za mitaro na madaraja zimekwenda wapi. Swali hilo hilo, kwa lugha ya mahesabu, ndilo linaloulizwa ndani ya kamati ile.

Matunda yake

Wengi walidhani kamati zilizopatikana kwa mvutano wa namna hiyo zisingefanya kitu. Haikuwa hivyo. Aprili 2012 ripoti za kamati zote tatu zilijadiliwa bungeni, na mjadala ukawa mkali. Zikakusanywa saini za kutaka hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, na Katiba inataka saini za asilimia 20 ya wabunge wote. Wabunge wachache wa CCM nao walitia saini, akiwamo Deo Filikunjombe wa Ludewa. Hoja yenyewe haikufika kupigiwa kura, lakini Mei 2012 Rais Jakaya Kikwete alibadilisha Baraza la Mawaziri na kuwaacha nje mawaziri sita.

Somo tunalolipata ni hili: uwajibikaji ulikuja pale wabunge wa vyama mbalimbali, hata waliokuwa wamegombania viti, walipoisoma ripoti moja na kuuliza swali moja. Kugombania viti kulikuwa na maana kwa sababu viti vile vilikuwa na kazi ya kufanya.

Sisi tusimame wapi?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, unafundisha kwamba kazi ya siasa ikifanywa kwa ajili ya mafao ya wote ni ya kusifiwa, na kwamba Kanisa halifungwi na mfumo wowote wa kisiasa. Walei wanaitwa kuingia humo na kuchachusha. Kwa wakleri, Sheria ya Kanisa iko wazi: kanuni ya 285 inawakataza kushika vyeo vya utawala wa kiserikali, na kanuni ya 287 inawataka wasijihusishe kikamilifu na vyama vya siasa, isipokuwa mamlaka halali ya Kanisa ikiona inahitajika kulinda haki za Kanisa au mafao ya wote.

Ndugu mseminari, katazo hili halina maana kwamba usijue. Padri asiyejua kiti maalumu hupatikanaje, au kamati ya hesabu hufanya nini, atawaambia waamini wasali kwa ajili ya viongozi, lakini atashindwa kuwasaidia kuwadai viongozi hao hesabu. Kinachokatazwa ni kuwa mtu wa upande mmoja, kwa sababu altareni wanakuja wa CCM, wa Chadema na wasio na chama.

Nanyi waamini, mnapokutana katika jumuiya ndogondogo baada ya uchaguzi wowote, jiulizeni maswali matatu. Mbunge wetu yumo katika kamati gani? Wabunge wa viti maalumu wa mkoa wetu ni akina nani, na tumewahi kuwapelekea shida zetu? Ripoti ya ukaguzi inasema nini juu ya halmashauri yetu? Ripoti hiyo hutolewa kila mwaka na kuwekwa wazi. Akipatikana mmoja katika jumuiya anayeweza kuisoma na kuwaeleza wenzake, basi aisome.

Tuwaombee waliochaguliwa, na tuwaulize maswali. Mungu atujalie tuyafanye yote mawili.